Uzi: Kozi ya kubuni chipu, kwa nini wakali wa kodi ndio wanaoangukia pua?

#1 KodiKali
Wakuu, habari za jioni.

Niko masomoni ughaibuni, masta ya umeme na kompyuta. Chuo sikitaji maana cheti chao bado nakitaka. Muhula huu tumekutana na kozi ya kubuni chipu. Wiki kumi na tano. Mnaanza na transista moja, mnapita kwenye mageti (saketi ndogo za mantiki), saketi ya kujumlisha, kumbukumbu ya SRAM, na mwisho kila kikundi kinakabidhi leiauti (mchoro wa maumbo ya kuchongwa kwenye silikoni) ya prosesa ndogo ya aina ya RISC-V iliyopita DRC (ukaguzi wa sheria za kiwanda) na LVS (ukaguzi kwamba leiauti inalingana na skimatiki, yaani mchoro wa saketi). Siyo makosa machache. Sifuri.

Sasa nimeona kitu. Wanaoumia siyo wale tuliodhani. Tuna jamaa wawili wanaandika C++ wamefumba macho, mmoja alishafanya kazi kwenye mifumo ya benki. Hao ndio maksi zao zinasikitisha. Anayeongoza darasa ni dada mmoja aliyekuwa fundi wa redio kabla hajarudi shule, na Python yenyewe anaijua ya kuombea maji.

Msimamo wangu: kozi hizi ziliwekwa na watu wa umeme ili kuwakomoa watu wa programu. Mwenye hoja tofauti aje nayo. Matusi hapana.

#2 Siti ya Dirishani
Nimeshika nafasi. Wataalamu waje.

#3 Mzee wa Geti
KodiKali, hakuna anayekukomoa. Watu wa programu wakiona Verilog, lugha ya kuelezea saketi, ina "if" na "for" wanadhani wamefika nyumbani. Ile siyo orodha ya amri za kutekelezwa moja baada ya nyingine. Ni maelezo ya vitu vinavyokaa pamoja na kufanya kazi kwa wakati mmoja. "For" ya mara 64 haizunguki popote. Inakutolea nakala 64 za saketi ile ile, zimepangwa kwenye silikoni, na kila moja unailipia eneo na umeme. Alama ya kugawanya ambayo kwenye C unaiandika bila kufikiri, hapa inaweza kukuzalia rundo la mageti kubwa na lenye kuchelewa kuliko kitu kingine chochote kwenye prosesa yako.

Nimesahihisha kazi za namna hii miaka mingi. Mtu anaandika "case", anasahau "default", zana inamwekea lachi (kipande cha kumbukumbu) ambayo hakuiomba, halafu anakuja ofisini kulalamika kwamba kompyuta ina wazimu. Kabla hujaandika mstari, chora. Saketi usiyoweza kuichora huna sababu ya kuiandika.

#4 BiNano
Shikamoo Mzee wa Geti. Nakubali nusu.

Nilipita kozi kama hiyo na Verilog haikuniangusha. Kilichotutoa jasho ni zana. Wiki za mwanzo zinaisha watu wanahangaika kuingia kwenye seva. Dirisha la leiauti linafunguka kwa mbali kupitia mtandao, unabofya, unasubiri, mstatili unatokea pasipo ulipoutaka. Leseni zina hesabu yake. Usiku wa kuamkia dedilaini kila kikundi kinataka kuendesha LVS, wa mwisho anaambiwa leseni zimekwisha, ajaribu baadaye. Baadaye ipi, na dedilaini ni saa mbili asubuhi?

Halafu makosa yenyewe. Mtu wa kodi amezoea kuambiwa "kosa liko mstari wa 38". LVS inamwambia tu kwamba skimatiki ina nodi 412 na leiauti ina 411. Ni waya gani mbili zimegusana, atafute mwenyewe. Huyo dada wa redio amezoea kufukuza hitilafu kwa mita, pini moja baada ya nyingine, bila mtu wa kumwonyesha mstari. Sishangai anaongoza.

#5 Chalii wa Saketi
#4 umenikumbusha machungu. DRC ya kwanza ya kikundi chetu ilitoa makosa maelfu kwa maelfu, mwenzetu akafungua ukurasa wa kubadilisha kozi pale pale. Kumbe lilikuwa kosa moja ndani ya seli ya SRAM, vipande viwili vya metali vimekaribiana kuliko sheria inavyoruhusu, na sisi tumeirudia seli hiyo safu kwa safu. Tulisogeza kipande kimoja, yote yakafutika.

#6 KodiKali
Asanteni kwa michango. Mzee, nimekusoma, lakini jamaa wa benki alichora. Prosesa yake ilipita simulesheni. Akaiweka kwenye bodi ya FPGA (chipu unayoipanga upya bila kwenda kiwandani), taa zikawaka, programu ikakimbia, tukapiga makofi. Ilipofika simulesheni ya mageti baada ya sinthesisi (kodi kugeuzwa kuwa mageti), mawimbi yote yamejaa X nyekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kodi ile ile! Msaidizi wa maabara akacheka tu na kusema "karibu kwenye silikoni". Huo siyo ukomoaji?

#7 Fundi Transista
Huo ni "initial", naweka dau bila kuiona kodi. Kwenye FPGA nyingi, rejista hupewa thamani ya mwanzo wakati bodi inapakiwa, kwa hiyo ukiandika "initial count = 0" inakubali. Kwenye chipu halisi hakuna wa kuipakia. Umeme ukiwaka, flipuflopu (saketi ya kushika biti moja) inaamkia sifuri au moja yenyewe inavyojisikia, na simulesheni inakuonyesha X maana yake "sijui". X moja ikiingia kwenye kaunta, inajumlishwa na kubaki X milele, inasambaa kila mahali. Dawa ni riseti ya kweli, waya unaofika kwenye kila rejista ambayo lazima ianze na thamani inayojulikana.

Mwambie jamaa afuate mawimbi kinyumenyume, atafute X iliyotangulia kuliko zote. Mara nyingi ni rejista moja iliyosahaulika.

#8 Siti ya Dirishani
Kwa hiyo jamaa wa benki aliacha akaunti bila salio la kuanzia 😂

#9 bintiNyeri
Hamjambo nyote. Kwetu Kenya naona wengi wanalilia leiauti, mimi naona shida iko kwa uhakiki. Mwanafunzi anaandika moduli, anaandika testibenchi (kodi ya majaribio) ya kuthibitisha kile alichokifikiria tayari, inapita, anafurahi. Hajajaribu namba hasi, hajajaribu riseti ikija katikati ya kazi, hajajaribu maagizo mawili yanayotaka rejista moja kwa pamoja. Mhadhiri anakuja na majaribio yake na kila kitu kinaanguka. Watu wa programu walizoea kwamba ukikosea unatoa toleo jipya kesho. Chipu ikishatoka kiwandani, hakuna kesho.

Na kwa wale wanaodhani haya mambo ni ya ughaibuni tu: hapa Nyeri, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies. Mei 2024 Rais Ruto alipozuru Washington, Marekani ilitangaza kushirikiana na Kenya kwenye semikondakta. Kwa hivyo someni, kazi zinaweza kuja hadi mlangoni.

#10 Popo wa Usiku
Sahihi kabisa #9. Hata Intel walipigwa na uhakiki. Pentium ya 1994 ilikuwa inapata joto mpaka inakosea hesabu, wakalazimika kurudisha chipu.

#11 Fundi Transista
Popo, joto halikuhusika. Lilikuwa jedwali. Kitengo cha kugawanya namba za desimali kilitumia jedwali lililojengwa ndani ya chipu, na nafasi tano za jedwali hilo zilikuwa tupu pale zilipotakiwa kuwa na thamani. Kwa namba nyingi hukuona kitu. Kwa jozi chache za namba jibu lilitoka na kosa. Intel walitenga dola milioni 475 kwa ajili ya kuzibadilisha. Nafasi tano.

#12 Popo wa Usiku
Nimesahihishwa, asante. Ila hoja ya bintiNyeri inabaki pale pale.

Na kuhusu KodiKali kwamba kozi ni za kuwakomoa watu wa programu, historia inamuunga mkono. Zilianzia Berkeley kwa watu wa umeme watupu, wale wa SPICE, programu ya kuigiza saketi.

#13 Mzee wa Geti
SPICE ni ya Berkeley kweli, 1973. Lakini kozi ya kubuni chipu kama tunavyoijua leo ina mizizi kwa Carver Mead wa Caltech na Lynn Conway wa Xerox PARC. Conway alikwenda kuifundisha MIT mwaka 1978, na wanafunzi walichora miundo yao, ikaunganishwa pamoja kwenye kaki (sahani nyembamba) moja ya silikoni, ikatengenezwa, wakarudishiwa chipu mkononi. Mwaka uliofuata jambo hilo likapanuliwa kwa vyuo vingi kupitia mtandao wa ARPANET, na 1981 ikazaliwa huduma ya MOSIS kwa mtindo huo huo wa kugawana kaki.

Nia yao ilikuwa kinyume kabisa na unachodai. Walitaka mtu wa mifumo ya kompyuta, asiyejua fizikia ya kiwandani, aweze kubuni chipu. Ndiyo maana walibana sheria za leiauti zikawa chache, zote zinapimwa kwa kipimo kimoja walichokiita lambda. Katika darasa lile la 1978 alikuwamo Guy Steele, mtu wa lugha za programu kabisa, na alibuni prosesa ya kuendesha Lisp. Kwa hiyo ndugu yangu, mlango ulifunguliwa kwa ajili yako.

#14 KodiKali
Mzee umenibana. Lakini lambda zimeenda wapi? Sisi tumepewa faili la sheria za kiwanda ambalo hata kulisogeza kwa panya mkono unachoka.

#15 BiNano
Hapo KodiKali ana haki. Mlango ulifunguliwa 1978, tangu hapo kila kizazi cha teknolojia kimeongeza kufuli. Sheria za upana, za nafasi, za ujazo wa metali (ikiwa chache mno nayo ni kosa), za antena, za visima. Darasa bado ni la muhula mmoja ule ule. Ukiniuliza mimi, kinachowaangusha watu ni uwingi wa mambo kwa muda mdogo, na anayejua programu au asiyejua wote wanakutana na ukuta ule ule. Tofauti ni nani aliwahi kugonga ukuta kabla.

#16 Mwanafunzi Mtukutu
Mnatisha watu bure. Taiming ikikataa si unapunguza tu kasi ya kloku? Mradi wetu ulitakiwa MHz 100, tukaripoti 40, tukapewa B.

#17 Fundi Transista
Mdogo wangu, ulichoponya kwa kupunguza kasi ni setapu. Holdi haiponi kwa kupunguza kasi.

Setapu inataka data ifike kabla ya pigo la kloku. Holdi inataka data ya zamani itulie kidogo baada ya pigo, isibadilishwe kabla flipuflopu haijaishika. Fikiria daladala: setapu ni abiria aliyefika kituoni mlango ukiwa umeshafungwa, ukichelewesha gari anapanda. Holdi ni abiria wapya kusukumana ndani kabla wa zamani hawajashuka. Hata gari lije mara moja kwa siku, mlangoni ni vurugu zile zile. Dawa ni kuongeza ucheleweshaji kwenye njia fupi, bafa moja au mbili, na lazima ufanye hivyo kabla ya tepauti, yaani kutuma muundo kiwandani. Ukiikuta kwenye chipu iliyokwisha kutengenezwa, umekwisha.

Na siyo wanafunzi tu. Mradi wa chipu za wazi wa Google, kiwanda cha SkyWater na kampuni ya Efabless, awamu yake ya kwanza, chipu zilirudi zikiwa na matatizo ya holdi kwenye ile sehemu ya pamoja inayozunguka miundo ya watu. Walioshiriki wakabaki wanachezea volteji kutafuta mahali ambapo ingalau itaamka.

#18 Siti ya Dirishani
Hiyo daladala ni ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Naijua, sijawahi kushuka kituo nilichokitaka.

#19 Mwanafunzi Mtukutu
Nimeelewa holdi leo kuliko muhula mzima. Ile B ibaki siri yetu.

#20 Msaidizi wa Maabara
Nimekuwa nikisoma kimya. Kazi yangu ndiyo hiyo ya kukaa na wanafunzi maabara usiku, kwa hiyo nina upande wangu.

Mzee anasema ni namna ya kufikiri, BiNano anasema zana, bintiNyeri uhakiki. Ninachokiona ni urefu wa kusubiri. Mtu wa programu anajifunza kwa kujaribu: anabadilisha mstari, anaendesha, sekunde mbili anaona jibu, anabadilisha tena. Kwa mwendo huo unaweza kuandika programu nzuri bila kuielewa vizuri sana, unaisukuma tu mpaka ikae. Huku, sinthesisi na upangaji wa leiauti ya prosesa nzima vinaweza kula masaa. Ukisukuma tu bila kufikiri, unapata majaribio mawili kwa usiku. Wale wanaofanya vizuri nawaona wanakaa na karatasi muda mrefu kabla ya kugusa kompyuta, wanakadiria: njia hii ina mageti mangapi, waya huu una kapasitansi kiasi gani, nategemea jibu liwe karibu na kiasi fulani. Zana ikija na jibu tofauti sana, wanajua kuna kitu, hawaliamini tu.

KodiKali, huyo dada wa redio, mchunguze. Nadhani anakadiria kabla ya kuendesha.

#21 KodiKali
Msaidizi umeotea. Ana daftari la mistari, kila maabara anakuja na namba ameshaziandika kwa penseli. Sisi tulikuwa tunamcheka. Tulipofanya kibadilishaji (geti la kugeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0), yeye alishaandika kwamba transista ya PMOS iwe pana karibu mara mbili ya ile ya NMOS kwa sababu mashimo, wabeba chaji wa PMOS, yanatembea polepole kuliko elektroni. Sisi tulikuwa tunabadilisha upana kwa kubahatisha mpaka mawimbi yakae katikati.

#22 Kaka wa Masala
Ngojeni niwape upande mwingine. Digrii nilisomea India. Hesabu kama hizo za #21 tulizikariri mpaka usingizini. Volteji ya kizingiti, fomula ya Elmore ya ucheleweshaji, mchoro wa vijiti, njia ya Euler ya kupanga transista zisikatike, yote yalikuwa kwenye mtihani na nilipata maksi za juu. Nilipoingia masta na kuonyeshwa leiauti halisi, sikujua nianzie wapi. Nilijua kuandika fomula ya ucheleweshaji wa waya lakini sijawahi kuona waya. Kwa hiyo msidhani penseli peke yake inatosha. Desa zimejaa fomula, na wenye desa nzuri nao wanaanguka.

#23 bintiNyeri
@Kaka wa Masala huku kwetu pia. CAT unapita, maabara inakumaliza.

#24 Ndoto ya Tepauti
Hamjagusa kikundi. Tulikuwa wanne. Mmoja alichukua Verilog, akamaliza mapema, akapotea. Mmoja "ripoti". Mmoja alikuwa na harusi ya dada yake, tukamwelewa. Aliyebaki na leiauti ni mimi, na leiauti haigawanyiki kirahisi usiku wa mwisho: watu wawili wakigusa seli moja, mmoja anafuta kazi ya mwenzake. Mwisho wote tukapata alama moja. Ukiniuliza kwa nini wakali wa kodi wanaanguka, nitakuambia wengine hawaanguki, wanabebwa, na wanaowabeba ndio wanaanguka.

#25 Mzee wa Geti
#24, ndiyo maana nilikuwa napiga maswali ya mdomo mtu mmoja mmoja. "Waya huu unatoka wapi, unakwenda wapi?" Wabebwaji hujulikana swali la pili.

#26 Mtoto wa Lubumbashi
Wandugu, jambo. Ninawasoma kutoka Congo. Mnabishana juu ya chipu, lakini mnasahau hizo chipu zinatengenezwa na koltani ya kwetu. Bila Congo hakuna darasa hilo.

#27 Popo wa Usiku
Karibu ndugu. Ila hapo nitasahihisha mimi sasa: chipu ni silikoni, inatokana na kwatzi. Tantalamu, metali inayotoka kwenye koltani, inaingia kwenye kapasita ndogo zilizo pembeni ya chipu kwenye bodi, ndani ya chipu haimo.

#28 Fundi Transista
Popo, karibu upate mia kwa mia. Tantalamu nyingi inaenda kwenye kapasita, ndiyo. Lakini chipu zenye waya za shaba huwekewa utando mwembamba wa tantalamu na naitraidi yake kuzunguka shaba, ili shaba isipenye kuingia mahali isipotakiwa. Kwa hiyo ndugu wa Lubumbashi hakukosea kabisa. Ambapo hayumo ni kwenye SkyWater 130, teknolojia ya nanomita 130 ya kiwanda hicho, ambayo madarasa mengi yanatumia siku hizi: waya zake ni alumini, na ile safu ya chini kabisa ya kuunganisha jirani kwa jirani ni naitraidi ya titani.

#29 Mtoto wa Lubumbashi
Aksanti Fundi. Nusu ushindi ni ushindi. Na shaba ya Katanga je, nayo mtaikana?

#30 Siti ya Dirishani
Rudini kwenye mada kabla Zambia hawajaingia.

#31 Kaka wa Masala
Mada ndiyo hii: huyo 130 ni teknolojia ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dunia ilishafika nanomita 3. Kwa nini watu wanakeshea kitu cha zamani?

#32 BiNano
Kwa sababu mbili. Kwanza, "3" ya siku hizi ni jina la biashara la kizazi, hakuna kipande cha transista utakachokipima kikawa hivyo. Pili, 130 bado inauzwa na inatumika, na faili zake za kubunia ziliwekwa wazi mwaka 2020, mtu anapakua bila kusaini karatasi za siri. Hiyo ya pili ndiyo kubwa kwa sisi tusio na leseni. Madarasa yenye uwezo yanakwenda mbele zaidi. Berkeley wana darasa linalofikisha muundo kiwandani ndani ya muhula mmoja, walishafanya kwa nanomita 28 za kiwanda cha TSMC na baadaye kwa teknolojia ya Intel 16. Lakini holdi ni holdi, 130 au 16.

#33 MgeniNdiyoKwanza
Samahani wakubwa, mimi niko mwaka wa pili, Dar, kozi hii kwetu ni ya nadharia tu. Nina laptopu ya RAM GB 8. Ninaweza kujaribu mwenyewe kabla sijafika huko mnakolia?

#34 Fundi Transista
Inatosha kuanzia. Weka Linux. Icarus Verilog na GTKWave kwa simulesheni na mawimbi, Yosys kwa sinthesisi, ngspice kwa transista, Magic au KLayout kwa kuchora. Zote bure. Ukitaka mnyororo mzima kutoka Verilog hadi leiauti kuna OpenLane, kwa muundo mdogo GB 8 itavumilia ukifunga kivinjari. Anza na kibadilishaji kimoja, ukichore kwa mkono, kipite DRC na LVS. Usikimbilie prosesa.

Ukishaiva kuna Tiny Tapeout, unapata kigae kidogo cha kuweka mageti mia kadhaa, muundo wako unatengenezwa pamoja na wa watu wengine na unalipia kipande chako tu.

#35 Ndoto ya Tepauti
Mwambie na upande wa pili. Efabless, waliokuwa wanapitishia chipu hizo, walifunga mwanzoni mwa 2025, na miundo ya watu iliyokuwa njiani ikakwama. Tiny Tapeout hawakufa, wakahamia kwa viwanda vingine, IHP ya Ujerumani ikiwemo. Ila usitume hela ya mwisho ya bumu ukitegemea chipu ifike kabla ya mahafali.

#36 MgeniNdiyoKwanza
Asanteni sana. Bumu lenyewe halijaingia.

#37 Mzee wa Geti
Kijana, kabla ya Linux nunua penseli.

#38 Msaidizi wa Maabara
Mzee hatoki kwenye penseli yake. Na Kaka wa Masala amekwishaeleza alikofikishwa na penseli.

#39 Mzee wa Geti
Alikariri. Kukariri siyo kuchora.

#40 KodiKali
Mkiendelea kubishana, nina taarifa: jamaa wa benki amepata X yake. Ilikuwa kaunta ya programu, haikufikiwa na riseti, kama #7 alivyosema. Mimi msimamo wangu wa ukomoaji nimeulegeza kwa BiNano na Msaidizi, kwa Mzee bado.

Sasa msaada. Tunakabidhi kesho mchana. DRC safi, LVS safi, tumebakiza makosa mawili ya antena kwenye waya mrefu wa kutoka SRAM. Aliye macho?

#41 Fundi Transista
Niko macho. Waya mrefu wa metali ya chini unakusanya chaji wakati wa kuchongwa kwa plazma kiwandani, na chaji hiyo inatafuta geti la transista kupitia utando wake mwembamba. Karibu kabisa na geti, ukate waya, panda metali ya juu, halafu shuka tena. Hivyo ule urefu wa chini unapochongwa unakuwa bado haujaungana na geti. Nafasi ikikosekana, weka diodi ya antena pale pale. Ukimaliza endesha DRC na LVS upya, zote mbili, usijidanganye kwamba umegusa kidogo. Tuma picha ya eneo hilo.

#42 KodiKali
Nimeambatisha.

#43 Fundi Transista
Hii ni picha ya skrini nzima, sioni kitu. Vuta karibu, zima safu ya metali ya tano, tuma tena.